Ngazi za Kushukia Tu

Beseni la mchele la Hanta lilimgonga kaka mmoja kiunoni, nusu ya mchele ikamwagikia viatu vyake. Viatu vyeupe, jamani! Katika soko la Analakely, saa moja asubuhi, tope la mvua ya jana bado halijakauka!

"Samahani dada, kosa ni langu," alisema, huku kidole kikibonyeza simu. "Mia tatu na tisa, mia tatu na kumi..."

"Unahesabu punje?" Hanta aliuliza.

"Nahesabu watu."

"Wamekukosea nini?"

Akacheka kwa sauti, kama wanavyocheka watu wa Toamasina kule pwani, ambao hata siri wanaisema kwa kelele. Jina lake Velonjara, wenzake wakimwita Jara. Shati la bluu lililonyooka pasi, ndevu zimechongwa vizuri. Akachuchumaa kumsaidia kuokota, na huku akieleza kazi yake. Kampuni yao ilitengeneza ramani kwenye kompyuta za kumwonyesha mfanyabiashara mahali pa kufungua duka: wapi watu wanapita, wapi wanaishi, wapi mwenzake amemtangulia.

Hanta alijitanda vizuri shuka lake jeupe begani, akasikiliza. Miaka kumi alikuwa ameshona mikono ya mashati kiwandani mpaka miguu ikavimba. Mwezi mmoja tu uliopita ndipo alipoacha, akaanza kuuza mchele kwenye kimeza mlangoni kwa mama yake, huko juu mlimani. Alikuwa amechoka uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Lakini kaka mwenyewe alikuwa na meno mazuri.

Simu zikaanza. "Umekula, malkia wangu?" "Nimekula, mhesabu watu. Leo umefikisha wangapi?" "Wote si kitu, wewe hukuwemo." Maneno ya kijinga hayo, na Hanta aliyasubiri kuanzia asubuhi.

Jumapili moja Jara alifungua kompyuta mezani, akagusa nukta kubwa nyekundu chini kabisa ya mlima, kwenye mwisho wa ngazi mia mbili na kumi na nne zinazoshuka kutoka kwa kina Hanta.

"Watu elfu moja na mia mbili kila asubuhi, mpenzi. Na banda liko tupu! Unaonaje?"

Hapa nisimame kidogo. Sisi watu wa mlimani hatumwambii mtu hapana usoni. Ni utovu wa adabu. Tunasifia chai, tunazungumzia mawingu, na mwenye akili anaelewa. Basi Hanta akaisifia kompyuta. Akasema mvua inakuja. Akauliza kama mama yake Jara bado anasumbuliwa na kikohozi.

"Anaendelea vizuri," Jara akasema, uso umemng'aa. "Basi kesho tunalichukua!"

Na Hanta akatoa akiba yake yote, banda likalipiwa mwaka mzima. Alitoa kwa sababu alimpenda, na aliona haya kumvunja moyo.

Miezi mitatu ikapita. Kila asubuhi umati uliteremka ngazi, viatu vikilia, watu wakimsalimu, "Umeamkaje, Hanta?" huku wakikimbilia kazini. Jioni hakupita mtu. Hanta alikaa nyuma ya mizani akitoa wadudu kwenye mchele, akapata na usingizi wa mchana ambao haukumpumzisha. Halafu msimamizi wa kiwandani akatuma ujumbe: kiti chako kipo, nipe jibu Jumatatu.

Jara alipopiga simu, Hanta hakuwa na nguvu hata ya kuzungusha maneno.

"Nimechoka, Jara."

"Pole, malkia. Pumzika kidogo..."

"Si hivyo. Duka linakufa. Narudi kiwandani."

"Haiwezekani! Watu elfu moja na mia mbili..."

"Wanakwenda kazini! Nani anakwenda kazini na mchele kwapani?"

"Na wakirudi?"

"Wanarudi na basi linalozunguka nyuma ya mlima, linawashusha kule kule juu. Nani apande ngazi hizi na njaa yake?"

"Ulijua?"

"Nimezaliwa juu ya ngazi hizi."

"Na ukanyamaza! Ukaniacha nikuharibie maisha kwa mikono yangu!"

"Sikunyamaza! Nilikuuliza kikohozi cha mama yako!"

"Kikohozi kinahusiana nini na duka?"

Hanta akakata simu, akalia juu ya gunia.

Kuanzia siku ya pili alimwona Jara kila jioni, amesimama mwisho wa ngazi, simu mkononi, akihesabu hewa. Hanta alijifanya hamwoni. Moyo ulimuuma, lakini akimwendea angesema nini?

Jioni ya nne, Jumapili, Jara akatokea mlangoni kwa mama yake Hanta. Alikuwa amepanda ngazi zote. Shati limelowa, viatu vyeupe vimegeuka rangi ya udongo.

"Mwanangu, mpe maji ya ukoko kwanza," mama akasema, "asije akatufia mlangoni."

Jara akanywa vikombe viwili vya maji yale yaliyochemshwa na ukoko wa wali, bila kupumua.

"Jioni tatu, na leo ya nne," akasema. "Waliopanda ni watu kumi na tisa tu. Mmoja alikuwa mlevi, amepotea. Mimi nilihesabu asubuhi tu, Hanta. Kwetu ni tambarare, njia uliyoendea ndiyo utakayorudia. Nisamehe. Nimempata mama mmoja wa kahawa na vitumbua, anataka kukulipia lile banda kwa miezi iliyobaki. Wanaoshuka wanashuka na njaa."

Akakunjua ramani ya karatasi, haikuwa na nukta hata moja, akaweka kalamu juu yake. "Mimi nafikiria duka liwe hapa, kando ya shule. Unaonaje?"

Hanta akafungua mdomo kuisifia karatasi. Akaufunga.

"Hapana," akasema. "Hapo sitaki. Shule ikifungwa hakuna mtu."

Mama akaangusha mwiko. Jara akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sema tena, mpenzi."

"Sitaki! Na kesho nakwenda kuwaambia kiwandani hivyo hivyo!"

Akachukua kalamu, akaweka nukta mahali basi linaposhusha watu, kando ya bomba la maji, ambapo kila mwenye ndoo hungoja zamu yake jioni. Akatazama kidogo, akaweka nukta nyingine pembeni.

"Maduka mawili?" Jara akashangaa.

"Hiyo ni nyumba hii. Ndipo wazee wako watakapokuja kuniposa." Hanta akamtazama usoni, safari hii bila kuinamisha macho. "Waambie waje na basi, wasipite kwenye ngazi. Mama yako ana kikohozi."