Hereni za Msichana wa Alhamisi

Zilikuwa zimebaki siku tatu tu Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya, ifike, na Soko la Osh lilikuwa limefurika watu wanaosukumana kwa viwiko kati ya magunia ya zabibu kavu na ndoo za matango ya chumvi. Begaim, mwalimu wa chekechea, hakuwa na habari na matango. Alisimama mbele ya meza ya muuza vitabu vikuukuu, amevaa koti jekundu lililokosa kifungo kimoja, na amekishika kitabu cha picha cha mtoto wa chui wa theluji. Tatizo ni kwamba kulikuwa na mkono mwingine umekishika upande wa pili.

"Kaka, achia."

"Dada, nimekiona kabla yako."

"Kwani tunashindana kuona? Nina watoto wanakisubiri."

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu."

Kijana akamtazama kuanzia kofia ya sufu mpaka viatu. "Hongera. Na bado una nguvu za kugombana sokoni!"

Begaim akacheka bila kutaka. Kijana aliitwa Kubat, mpanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mrefu, masikio yamechomoza chini ya kofia, vidole vina madoa ya wino. Akachomoa mfukoni kisomeo, kibao chembamba cha kusomea vitabu.

"Mimi nina vitabu mia tatu humu. Chukua hicho chako."

"Vina rangi?"

"Kijivu tu."

"Basi una vitabu mia tatu vya siku ya mvua."

"Mdomo huo! Haya, chukua chui wako. Ila nije nisikie unavyowasomea."

"Njoo Alhamisi. Na uje na boorsok. Watoto wangu hawapokei mgeni mikono mitupu."

Alikuja, na boorsok, vile vimaandazi vya kukaangwa, zikiwa za moto ndani ya mfuko wa karatasi. Begaim alisoma kitabu cha chui, watoto wakigombania kumshika mkia kwenye ukurasa. Kisha Kubat akafungua kisomeo akasoma hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya msichana mwenye farasi anayevuka milima kumtafuta rafiki yake. Sanjar mdogo aliramba kidole ili afungue ukurasa, akaacha mate kwenye kioo. Aibike, ambaye mama yake alikuwa binamu wa Kubat, alikipokea kibao, akakigeuza, akakitikisa.

"Kaka Kubat, picha zimeanguka njiani?"

Watu wazima wakatazamana. Begaim akavuta karatasi na kalamu za rangi, akamchora msichana na farasi wake palepale. Tangu siku hiyo mambo yakawa hivyo: asubuhi vitabu vya picha, na Alhamisi, baada ya watoto kuamka usingizi wa mchana, maneno yanatoka kwenye kisomeo na picha zinatoka mkononi mwa Begaim. Karatasi zilishonwa kwa uzi zikawa vitabu, zikapangwa rafuni na vile vya dukani. Msichana wa kwenye picha alikuwa na misuko miwili na kidoti cheusi juu ya mdomo, sawasawa na mchoraji wake. Hakuna aliyedanganyika, hata mpishi wa chekechea.

Walipendana. Lakini wote wawili walikuwa waoga wa maneno ya wazi, na hadithi iliwapa mahali pa kujifichia.

Majira ya joto kiwanda cha uchapaji kilifungwa. Kubat akapata kazi katika ghala la mizigo Moscow. Siku ya kuondoka aliweka kisomeo mikononi mwa Begaim.

"Nitaandika. Kila Alhamisi hadithi itaingia humu."

"Na wewe utarudi?"

"Msichana wa farasi atanisubiri?"

"Muulize mwenyewe. Mimi namchora tu."

Hadithi ziliingia kila Alhamisi bila kukosa. Mama Aibike alizipiga picha karatasi za Begaim akamtumia binamu yake, na jioni simu ililia.

"Roho yangu, leo farasi umemnenepesha."

"Farasi hapandwi, bwana wake yuko mbali. Anakula tu."

"Na msichana?"

"Msichana amekonda. Chunguza vizuri."

Begaim aliishi na dada yake Gulnura, fundi cherehani. Miaka kumi na minane nyuma mama wa kijana mmoja alimvisha Gulnura hereni, na kwa watu wao msichana akishavishwa hereni na mama wa mwanamume ni mchumba, yamekwisha. Miezi miwili baadaye wale watu wakarudi kuzichukua. Hawakusema sababu. Majirani wakajitungia za kwao, na hakuna mwingine aliyewahi kuja kumposa. Gulnura hakuvaa hereni tena.

Mwezi wa Oktoba Aibike alitobolewa masikio. Alizunguka darasani akijishika ndewe, kisha akasimama juu ya karatasi ya Begaim.

"Dada, na yeye mvishe. Bila hereni kama mvulana."

Watoto wote wakashangilia. Begaim akamchorea msichana hereni za fedha zenye marijani nyekundu, wala hakufikiri mara mbili. Mama Aibike akapiga picha kama kawaida.

Jioni hiyo simu haikulia. Alhamisi iliyofuata kisomeo hakikupokea kitu. Watoto walikaa kwenye zulia wakikikodolea macho, mpaka Begaim akachukua kitabu cha chui akakisoma kwa mara ya mia. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika, "Watoto wanauliza." Jibu lilikuja kesho yake: "Kazi ni nyingi. Waambie msichana amefika kwao salama."

Begaim aliumia, kisha akakasirika. Kama amepata mwingine si aseme? Hakupiga tena. Theluji ikaanguka, ikarundikana, na kisomeo kikakaa rafuni kimezimwa.

Mwezi wa Machi, mchana wa Alhamisi, mlango wa darasa ulifunguliwa. Kubat alikuwa amepungua, amevaa koti jipya lisilomkaa mabegani. Watoto wakamrukia. Yeye alikuwa akiyatazama masikio ya Begaim.

"Hereni zako ziko wapi?"

"Hereni gani?"

"Ulizovishwa. Niliziona kwenye picha. Nikasema umenitumia habari kwa njia yetu ile ile, ili usinitie aibu."

Begaim akamwongoza mpaka kwenye korido ya makoti madogo.

"Kubat, Aibike alitobolewa masikio. Watoto ndio waliotaka. Hakuna aliyenivisha chochote!"

Kubat aliegemea ukuta.

"Kwa nini hukuniuliza?" Begaim alisema. "Neno moja tu!"

"Nilidhani nimeshajibiwa. Mama alikuwa ananisumbua tangu zamani. Nikamwambia afanye atakavyo." Akavua kofia. "Wiki mbili zilizopita amemvisha hereni msichana wa kijijini Kochkor. Nitakwenda leo hii. Nitamwambia mama akazichukue."

"Anaitwa nani?"

"Nurzada. Begaim, simjui hata..."

"Alifurahi?"

Kubat akainamisha kichwa. "Mama anasema alilia kwa furaha."

Neno moja tu lilitakiwa, nenda, naye Begaim alitaka kulisema kwa moyo wake wote. Lakini alimwona Gulnura juu ya cherehani, miaka kumi na minane, nywele zimeshikwa nyuma na masikio matupu.

"Usizitoe," alisema. Machozi yalimtoka asijali kuyafuta. "Nakupenda, nilipaswa kukwambia siku ile ulipoondoka. Lakini masikio ya yule msichana usiyaguse."

"Na sisi?"

"Sisi tulikuwa na ndimi, hatukuzitumia. Yeye kakosa nini?"

Sanjar alikuwa amesimama mlangoni na kisomeo kifuani. "Kaka, utasoma?"

Kubat alisoma. Hakukuwa na hadithi mpya ndani, basi alitunga huku akitazama kioo kitupu: msichana alifika kwenye mlima wa mwisho, akamwona rafiki yake ng'ambo ya mto uliofurika, wakapungiana mikono mpaka giza likaingia. Begaim alichora mto, farasi, na msichana aliyeinua mkono.

Aibike akainama juu ya karatasi. "Dada, umesahau hereni."

"Sijasahau," Begaim alisema, akaendelea kupaka mto rangi.