Mrundi wa Kambarage

Asteria aliona kwamba Mama Klara ameacha kukoroga uji.

Ilikuwa wakati wa mapumziko, langoni pa shule yao huko Kambarage, mjini Shinyanga. Kama kila siku, wanafunzi walikuwa kwenye foleni na vikombe vyao. Baadhi yao walikuwa wakiiga matamshi ya Warundi na kuvunjika mbavu kwa kucheka. Mama Klara, muuza uji, alizaliwa Burundi. Aliinamia sufuria, mwiko umesimama, mpaka kicheko kilipokwisha. Kisha akaendelea kugawa uji.

Darasa la sita lilikuwa linaandaa igizo la mashindano ya afya yatakayofanyika Kahama. Lilimhusu mama lishe, raia wa Burundi, anayepika kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Wachimbaji wanataka kuchomea dhahabu yenye zebaki kwenye jiko lake, karibu na chakula cha watoto, naye anakataa. Mwalimu Ngassa alimpa Asteria nafasi ya mama huyo kwa sababu aliyashika maneno yote upesi. Lakini nyumbani kwa akina Asteria walizungumza Kisukuma, na kila alipojaribu kutamka kama Mrundi, ulimi ulimrudisha Usukumani.

"Bebe mayu!" Athanas, aliyeigiza mchimbaji, alimtania kwa Kisukuma, yaani "Wewe mama!" "Mrundi wa wapi huyo anayesema 'kalibu'? Wa Kambarage?"

Darasa zima likaangua kicheko. Noela, ambaye mama yake ni Muha wa Kasulu, akayasema maneno yaleyale ya igizo. Kiha kinafanana sana na Kirundi, hivyo lafudhi ilimtoka bila taabu.

Mwalimu Ngassa alikuna kichwa. "Asteria, Mrundi lazima asikike Mrundi. Ijumaa mtaigiza wote wawili, wewe na Noela. Atakayefaa ndiye atakayekwenda Kahama."

Asteria alitikisa kichwa kukubali. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua. Jioni alikwenda nyumbani kwa Mama Klara, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Uji umekwisha."

"Sikufuata uji. Naomba unifundishe kusema kama wewe, kwa ajili ya igizo letu la shule."

Mama Klara aliweka sufuria chini. "Ili nawe wakucheke? Haya, kwanza nioneshe hilo igizo lenu."

Asteria akaigiza. Alipofika mahali mchimbaji anapoingia, alikunja magoti na kusema, "Hapana, baba."

"Ishia hapo hapo!" Mama Klara alicheka. "Unamkataza mtu huku unampigia goti? Huyo hatakusikia hata ukimwambia kwa Kirundi chenyewe."

Asteria hakuwa ametambua kwamba amepiga goti. Tangu utotoni alifundishwa kumsalimu mkubwa kwa goti, na sasa goti lilijikunja lenyewe.

"Nimepika machimboni miaka mingi," Mama Klara alisema. "Walipoleta zebaki yao, sikupiga kelele. Nilifunika sufuria, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya jiko. Wakacheka matamshi yangu. Nikabaki nimekaa. Mwisho wakaenda zao. Jifunze hilo, ulimi wangu niachie mwenyewe."

Asteria alirudi kila jioni. Goti likijikunja, Mama Klara aligonga kigoda kwa mwiko, na Asteria akaanza upya.

Ijumaa ilipofika, Noela alitangulia. Neno la kwanza tu, darasa likacheka. La pili, wakapiga meza. Alipofika kwenye kukataa, hakuna aliyesikia.

"Nimesema moshi huo una sumu!" Noela alirudia. Wakacheka zaidi. Akarudi kwenye kiti chake amenuna.

Asteria akasimama. "Kalibuni chakula," alisema kwa ulimi wake uleule wa Kisukuma. Mtu mmoja nyuma akacheka. Athanas akaingia na kikaango cha kuchomea dhahabu.

"Mama, sogeza sufuria, tuna haraka."

Asteria akafunika sufuria. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya jiko, akamtazama Athanas usoni. "Moshi wa zebaki ni sumu. Hautaingia kwenye chakula cha watoto hawa. Ondoka nayo."

Athanas akasahau maneno yake. Akarudi nyuma, kikaango mkononi. Hakuna aliyecheka.

"Mpe yeye, Mwalimu," Noela alisema. "Kwangu walisikiliza ulimi tu."

Mwalimu Ngassa alisogea mbele. "Nilipima vibaya. Nilitafuta lafudhi, nanyi mkageuza matamshi ya watu kuwa kichekesho. Ukitaka kumwigiza mtu, mheshimu kwanza. Jua anatetea nini, kisha fanya bidii mpaka na wewe uweze kukitetea. Na mkumbuke, zebaki haimuulizi mtu ametoka nchi gani." Akamgeukia Noela. "Sauti yako inafika mbali. Utakuwa msimulizi wetu." Noela akakubali.

"Na wewe, Asteria? Utaiweza nafasi hii mbele ya watu wa Kahama?"

Siku zote Asteria alimjibu mwalimu kwa kutikisa kichwa. Safari hii alifungua mdomo.

"Nitaiweza, Mwalimu. Tena naitaka. Niliitaka tangu siku ya kwanza, kabla hujanichagua."