Dakika Moja ya Mwalimu Ghalia

Walikutana Bagamoyo mjini, duka la vifaa vya shule, watu wamejaa hadi barazani. Ilibaki karatasi moja tu ya manila, ya njano. Mikdad kaishika huku, Ghalia kule.

"Kaka, mie mwalimu mpya. Nionee huruma."

"Na mie mkongwe, nani anionee?"

Akamwachia. Ghalia akaondoka na baibui lake jeusi na mtandio wa zambarau, harufu ya udi ikabaki pale pale dukani. Mikdad akaisha!

Jumatatu, kumbe shule moja. Mwalimu mkuu akamfanya Mikdad mwalimu mlezi wa Ghalia: akae nyuma ya darasa, atazame, kisha amshauri ofisini.

"Hata watoto wakipanda madawati, usifumbue mdomo," Ghalia alimwambia. "Niahidi."

"Nakuahidi."

Baada ya miezi mitatu walishaitana laazizi kwenye simu. Jamani, si angenyamaza tu!

Siku hiyo darasa la tano lilikuwa soko. Ghalia alisimama kimya, chaki mkononi, akiwangoja watulie wenyewe. Mikdad akadhani kazidiwa. Akainuka, akapiga meza.

"Kimyaaa!"

Watoto wakaganda. Yeye anatabasamu, eti kamwokoa mpenzi wake. Tangu hapo, kila Ghalia akiingia, watoto walichungulia mlangoni kumtafuta Mikdad. Darasa halikuwa lake tena. Ghalia akaomba uhamisho, akapelekwa shule ya Mkange.

"Nilitaka kukusaidia, laazizi," Mikdad alilia simuni.

"Ilibaki dakika moja tu, Mikdad. Moja!"

"Nisamehe. Mama analeta posa kwenu Ijumaa."

"Nakupenda, sikufichi. Ila umeshindwa kuningoja darasani, nyumbani utaweza? Posa isije."

Akakata simu.

Miaka miwili baadaye Mikdad alipewa mwalimu mpya wa kumlea, Hamood. Darasa likachafuka, Hamood akasimama jasho likimtoka. Mikdad akajiziba mdomo kwa kiganja, macho kwenye saa. Mtoto mmoja akanyamaza, wa pili, kisha wote. Haikufika hata dakika. Mikdad aliinamia daftari lake wasimwone machozi.

Kengele ilipolia, akampigia Ghalia.

"Wametulia wenyewe. Sikusema neno."

"Alhamdulillahi."

"Nije Mkange?"

"Umechelewa, Mikdad. Nimeposwa, na wazee wameshapokea."

"Hongera," Mikdad alisema.

Hamood alikuwa anamsubiri mlangoni, daftari kifuani. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Wewe?" Mikdad alirudisha simu mfukoni. "Wewe hujakosea popote."