Chiku Apiga Hodi Darajani

Sogeeni, watoto, sogeeni! Mjini kwa kina Chiku kuna mto. Mto unapita, shwaa, shwaa, shwaa.

Chiku ana adabu zake. Haingii popote bila kupiga hodi. Hata darajani!

Daraja lao la zamani ni la mawe. Chini lina matao makubwa. Ukiita, sauti inagonga matao, inarudi.

"Hodi, daraja!"

"Odi... odi... odi..."

"Limeitika!" Chiku husema. Ndipo avuke.

Leo Chiku ana furaha, jamani! Mama amepata mtoto mchanga. Wako kwa Shangazi, ng'ambo ya mto. Chiku hajamwona mdogo wake bado, hata pua yake!

Lakini daraja la mawe limefungwa. Mafundi wanaziba nyufa. Chiku na Bibi wakaenda kwenye daraja jipya la chuma.

Lo! Refu, jembamba, halina matao.

"Hodi, daraja!"

Kimya. Shwaa, shwaa, shwaa.

"Hodi, daraja!"

Kimya. Shwaa, shwaa, shwaa.

Chiku akaziba mdomo kwa mikono. Hodi ni mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unarudi nyumbani. Na mtoto je? Machozi yakamlengalenga.

"Bibi, daraja hili halinitaki."

Bibi akacheka. "Mh! Ni geni tu. Zamani hapa palikuwa na gogo. Mama yangu alilipita akitambaa. Mafuriko yakalibeba.

"Likaja la kamba, nesa, nesa, nesa! Nikavuka mimi, nikilia. Usimwambie mtu!

"Likaja la mawe. Akavuka mama yako."

"Na hili la chuma?"

"Hili lenu, wewe na mdogo wako."

Chiku akashika chuma. Akavuta pumzi. Akapaza sauti yake yote.

"HODIII, DARAJA!"

Shwaa, shwaa, shwaa...

Mara, kutoka barazani kwa Shangazi: "Ngaa! Ngaa! Ngaa!"

"Bibi! Nimeitikiwa!"

"Tena na mwenye daraja mwenyewe! Haya, twende."

Ngo, ngo, ngo! Miguu ya Chiku ikalia juu ya chuma. Ngo, ngo, ngo, mpaka mikononi mwa Mama.

Jioni, mtoto akalazwa ndani ya chandarua. Chiku akasogea polepole, akanong'ona, "Hodi?"

"Ngaa," mtoto akaitika.

"Asante," akasema Chiku. Akaingia, akajilaza karibu na mdogo wake.

Nje mto ukapita, shwaa, shwaa, shwaa.