Kifurushi Kilichokosa Sauti

Jua lilikuwa linazama Léontine alipotoka kununua esanse, petroli ya jenereta, karibu na soko la Kasongo. Aliporudi, alimkuta muzee mmoja ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake cha michezo ya video, amepakata kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge.

Harufu ilimfikia kabla ya salamu. Mafuta ya mawese yaliyochacha, na chini yake kitu kingine... kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria iliyofunikwa.

"Jambo, mama," muzee akasema kwa sauti ya chini. "Ni wewe fundi wa kufunga?"

"Ni mimi, muzee. Karibu ndani."

"Natoka Kabambare. Kule mafundi wote wameshindwa."

Vijana wa mjini walimfahamu Léontine kwa kazi hiyo. Ulimletea mafaili ya mchezo yaliyotawanyika, naye akayapitisha kwenye skripti, mistari michache ya amri aliyotumiwa na kaka yake aliyeko Goma. Skripti iliyakusanya, ikayafunga upya kuwa kifurushi kimoja, na konsoli, mashine ya kuchezea, ikakimeza kama mchezo wowote ule.

Muzee alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na konsoli nyeusi, ya zamani.

"Iko ya mutoto wangu. Alikuwa anachimba dhahabu, akainunua. Sasa hayuko."

"Pole sana, baba."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa jani la mgomba lililokunjwa kama la kuchomea samaki. Alilifungua taratibu. Katikati ya jani kulikuwa na klé, kale kadude ka kuhifadhia mafaili, imelowa mafuta.

"Na hii iko yeye mwenyewe."

Léontine alidhani anazungumzia mchezo ambao marehemu alianza kuutengeneza. Moyo ulimwuma kwa ajili ya muzee. Aliipokea klé, akaifuta kwa kitambaa, lakini yale mafuta hayakutoka. Yalihamia vidoleni mwake, mazito, yakinata kati ya kidole na kidole.

Akaichomeka kwenye kompyuta.

Majina ya mafaili yalikuwa ya Kiswahili. Mguu. Ubavu. Jicho. Utosi. Hilo halikumshtua, maana watu wa kwenye michezo huundwa hivyo hivyo, kiungo kwa kiungo. Akaiamrisha skripti ianze. Nje, adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Nyuma ya ukuta, jikoni, mdogo wake Emmanuella alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba wimbo wa kwaya. Alikuwa na sauti iliyowafanya watu wa parokia wageuze shingo.

Skripti ikasimama.

"Inakataa, muzee. Faili la sauti haliko."

Muzee akatikisa kichwa, kama mtu aliyelitarajia jambo hilo.

"Sauti hatukuiona," akasema. "Tulichimba sana."

Nywele zilimsimama Léontine. Angeweza kumrudishia vitu vyake pale pale na kumwonyesha njia. Lakini harufu ilikuwa imejaa chumba, imempaka ulimi, kila akimeza mate aliimeza nayo. Alitaka jambo moja tu, muzee aondoke haraka, na njia ya haraka ilikuwa kumaliza.

"Naweza kuweka sauti nyingine," akasema, akipumua kwa mdomo.

"Weka," muzee akanong'ona. "Yoyote. Ya mutu muzima, mwenye anapumua."

Kwenye kompyuta kulikuwa na wimbo ambao Emmanuella aliurekodi wakati wa Pasaka. Léontine aliunakili, akaubadilisha jina, akaanzisha skripti upya. Safari hii haikugoma. Kifurushi kikakamilika. Akaunganisha konsoli ya muzee na televisheni, akakisimika kifurushi ndani yake.

Mstari wa kupakia ukaanza kutambaa kwenye skrini.

Konsoli ikaanza kutoa jasho.

Kwanza matone madogo kwenye matundu ya hewa. Kisha mafuta meupe, yenye mabonge, yakichuruzika polepole hadi mezani. Kutoka tundu moja funza mnene alichomoza kichwa, akapapasa hewani, akaanguka. Akafuata mwingine... Na ndani ya mashine, mahali ambapo feni ilipaswa kuvuma, kulisikika kitu kikimeza.

Glu.

Glu.

Nyuma ya ukuta Emmanuella alikuwa katikati ya kiitikio. Mstari ukajaa.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Mchi nao ukanyamaza.

Skrini ilikuwa nyeusi. Pumzi ikasikika, nzito, ya mtu aliyefukuliwa. Kisha sauti. Sauti ya Emmanuella, ile ile, laini.

"Baba."

Muzee akaanza kulia. Alipitisha kidole kwenye yale mafuta meupe, akakilamba, polepole, kama mama anayemfuta mtoto mabaki ya uji mdomoni.

Léontine aliinama akatapika palepale miguuni pake. Alipoinua kichwa, muzee na konsoli yake hawakuwapo. Pikipiki ilikuwa ikingurumia mbali, upande wa barabara ya Kabambare.

Akakimbilia jikoni. Emmanuella alisimama kando ya kinu, mikono shingoni, mdomo wazi. Midomo yake iliunda jina alilozoea kumwita dada yake, yaya, yaya, lakini hakuna kilichotoka. Léontine alimvuta kifuani, akamwinamia usoni.

Harufu ilikuwa inatoka kooni mwa Emmanuella.

Daktari alimchungulia koo kwa tochi, akasema kila kitu kiko mahali pake, huku akirudi nyuma hatua moja. Padri alimwombea, na jirani yao Djamali akamleta shehe naye akasoma. Léontine aliifuta skripti. Alipojaribu kuucheza ule wimbo wa Pasaka, ulicheza hadi mwisho bila sauti yoyote. Dawa za meno, tangawizi, majani ya mlimao, Emmanuella alitafuna vyote, na harufu ilibaki. Wanakwaya waliacha kuja kumtazama.

Kisha, jioni moja, akaja Heri, mwendesha pikipiki wa njia ya Kabambare, anayefahamiana nao tangu zamani. Aliketi mbali kidogo na meza.

"Yule muzee namujua," akasema. "Shimo la dhahabu lilimwangukia mutoto wake. Alimutoa kipande kwa kipande. Tangu hapo anazunguka kwa mafundi. Fundi wa nguo alimushonea, sijui nini. Fundi wa kuchomelea vyuma alikimbia mji. Muzee anaomba kila mutu amufungie mutoto."

"Umefika kwake?" Léontine akauliza.

"Nilipita tu. Ndani kulikuwa mutu anaimba nyimbo za kanisa." Heri aliepuka kumtazama Emmanuella. "Muzee alitoka mpaka barabarani. Anakusalimia, Léontine. Anasema aksanti. Mutoto anasema vizuri sasa."

Akainuka nusu, kama anayetaka kuondoka.

"Ni hivyo tu?"

"Anasema hajatembea bado. Anauliza kama uko na miguu."

Chini ya meza, Emmanuella aliivuta miguu yake taratibu, akaikunja chini ya sketi, akamtazama dada yake. Léontine alinyanyuka kwenda kumkumbatia. Alivuta pumzi kwanza, akaizuia.

Emmanuella aliliona hilo.