Nyasi Alizozituma Nasieku

Stendi ya Mikumi siku hiyo ilikuwa imefurika. Mabasi mawili ya Iringa yalikuwa yameingia kwa mpigo, abiria wanakimbilia chipsi na choo, wauza korosho wanagongana vifua chini ya madirisha. Nasieku alikuwa ametoka kupokea katoni ya dawa za mifugo. Shuka la bluu begani, shanga nyeupe shingoni zikicheza kila akitupa hatua, na miguuni raba za shule. Kijana mmoja akaja kinyumenyume anaburuta gunia, wakavaana. Gunia likapasuka, vitunguu vikabingirika mpaka chini ya basi.

"Umeniua, dada! Hivyo ni vitunguu vya Lumuma, siyo mawe!"

"Wewe ndiye unayetembea kwa mgongo."

"Mgongo wangu hauna macho. Wewe unayo mawili, tena mazuri."

Nasieku akakaza midomo asicheke, akachutama kumsaidia kuokota.

"Kwani Wamasai mnakula vitunguu?"

"Tunakula. Maneno ndiyo hatuli."

Kijana akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Jina lake Emanueli. Mama yake, Magreti, alikuwa na bustani ya vitunguu kule Lumuma, na yeye ndiye aliyeviuza pale stendi kwa wasafiri.

"Nipe namba yako basi."

"Ya nini?"

"Nikupigie vitunguu vipya vikifika."

Namba akapewa.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Nasieku aliuza kwenye duka la dawa za mifugo Kilosa mjini, na wateja wakazoea kumwona simu ameibana kwa bega, huku mkono unapanga sindano.

"Umekula, Nasi wangu?"

"Nimekula ugali na maziwa."

"Maziwa tena! Nikikuoa mimi nitakula nini?"

"Utakula ulivyonavyo. Vitunguu vibichi."

"Na wewe utalia."

"Nitalia kwa vitunguu tu. Kwa kingine usinilize."

"Sikulizi, mama. Naapa."

Nasieku alipompenda kwa moyo wote, alimwambia jambo ambalo hakuwahi kulitoa nje ya kwao. Walikuwa wamekaa mgahawani Mikumi, malori yananguruma barabarani, nyani wanarukaruka juu ya bati. Alipomaliza darasa la saba, baba yake, mzee Koileken, alimwoza kwa mzee wa rika la baba huyohuyo na kupokea ng'ombe. Nasieku akatoroka kwa miguu mpaka kwa shangazi yake Kilosa. Miaka ikapita. Siku moja baba akaja mwenyewe, akasimama mlangoni kwa shangazi, akasema ng'ombe amewarudisha, na kwamba alimkosea mwanawe. Mzee mzima wa Kimasai kumwomba radhi binti!

Emanueli akamshika mkono. "Limeingia kwangu, kipenzi. Halitoki."

Haikuwa rahisi, mkulima kumtaka binti wa wafugaji. Lakini mzee Koileken alikuwa amejifunza kwa uchungu, akasema safari hii mwanangu achague. Wazee wa Emanueli wakapangiwa kwenda kuposa Jumamosi. Mama Magreti akashona kitenge cha zambarau. Nasieku akatunga shanga mpya za mchumba wake, akaziweka kabatini dukani.

Jumanne ya wiki ileile, ng'ombe wakaingia kwenye bustani za Lumuma.

Nasieku alizipata habari kwenye kundi la WhatsApp la Kilosa Tuongee. Emanueli ndiye aliyemwingiza humo. Kundi lilianzishwa na Hezekia, fundi redio wa Mikumi, ili watu waambiane bei za mazao na habari za misiba. Wakulima walikuwamo, wafugaji walikuwamo. Asubuhi hiyo bei hazikuandikwa. Zilikuja picha za vitunguu vilivyokanyagwa, udongo umevurugwa, na moja ya mama Magreti ameketi chini katikati ya matuta, kanga imemwanguka kichwani.

Nasieku akampigia Emanueli. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kimya.

Kwenye kundi moto ulikuwa umewaka. Urbanus, jirani wa mama Magreti, aliandika kwamba wanuka maziwa warudi walikotoka. Seuri, kijana wa Kimasai, akamjibu kwamba wachimba udongo wanalilia majani. Hezekia akaandika, "Jamani, tujadili ng'ombe, tusijijadili sisi." Nani amsikie?

Nasieku naye akaandika: "Tuulize kwanza ng'ombe ni wa nani, alama za masikio zitasema. Mwenye nao alipe. Mama Magreti, pole sana mama yangu."

Urbanus akajibu upesi, "Nani kakuuliza, muuza kupe?"

Nasieku alikulia kwenye vikao vya baba yake. Kule mtu akisema anasimama peke yake, fimbo mkononi, na waliokaa wanamtazama usoni mpaka amalize. Maneno yakianza kuchoma, mmoja huinama, hung'oa nyasi, akazishika juu. Mbele ya nyasi hakuna anayetukana wala kuinua fimbo, maana ng'ombe anaishi kwa nyasi na watu wanaishi kwa ng'ombe. Huo ndio mkono wa kuomba amani. Aliwahi kumwona baba yake akiwanyamazisha vijana hamsini wenye sime kwa nyasi tu.

Basi akatoka nyuma ya duka, akang'oa nyasi kwa mkono wa kulia, akazipiga picha, akaituma kwenye kundi. Hakuandika neno. Kwao nyasi hazifafanuliwi.

Kundi likalipuka.

"Mnaona? Anatucheka!"

"Anasema vitunguu vyetu ni majani ya ng'ombe wao!"

Nasieku akaanza kuandika maelezo. Ndipo chini ya skrini akaona: *Emanueli anaandika...* Akaacha. Moyo ukatulia. Ema amekuja, atawaambia mimi ni nani.

Meseji ikaingia.

"Nyie kutoroka ndiyo kazi yenu. Ng'ombe wenu wanatoroka, mabinti zenu wanatoroka. Muulizeni Nasieku mzee aliyemlipia ng'ombe alimwacha wapi."

Vicheko vikamiminika, vile vya sura zinazotoa machozi.

Baada ya muda pale palikuwa pameandikwa kwamba ujumbe umefutwa. Lakini watu walishapiga skrinishoti, na jioni ile ikafika bomani kwa mzee Koileken. Mzee hajui kusoma. Mwanawe Sapit ndiye aliyemsomea.

Kesho yake Nasieku alikwenda kwao. Akainamisha kichwa, baba akamgusa utosini kama kawaida.

"Ulimwambia wewe?"

"Nilimwambia, baba."

"Kukosa nilikosa. Nilikuomba radhi wewe, ukanipa. Sasa nikaiombe wilaya nzima?"

Mzee akachukua fimbo yake, akasimama.

"Jumamosi wasije," mzee akasema.

Siku mbili baadaye Emanueli alitokea dukani Kilosa. Amevaa shati jeupe la kuposea, suruali imenyooka pasi, na mikononi amebeba nyasi, kazishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Hezekia alikwenda kumuuliza Seuri maana ya ile picha, na Seuri, pamoja na hasira zake zote, alimweleza, na habari ikamfikia Emanueli.

"Nasi."

"Karibu."

"Sikujua. Wallahi sikujua maana yake. Mama alikuwa analia, nikaona nyasi, nikajua unatucheka."

"Nilikupigia mara mbili."

"Niliona."

"Hukupokea."

Emanueli akatazama chini. "Ningeisikia sauti yako nisingeweza kuandika."

"Si ndiyo maana ungepokea, Ema!"

Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe akajifanya anasoma chupa.

"Nilifuta," Emanueli akasema. "Nimewaomba radhi wote kwenye kundi. Nitakwenda kwa baba nipige magoti. Nisamehe, mama."

Nasieku akatoka nyuma ya meza. Akanyoosha mikono, akazipokea zile nyasi, zote, hata bua moja lililokuwa limeanguka aliliokota. Uso wa Emanueli ukachanua.

"Kwa hiyo Jumamosi..."

"Ugomvi umekwisha. Nyasi hazikataliwi. Tukikutana stendi nitakusalimia, na mama yako nitamwamkia shikamoo. Lakini kuolewa na wewe, hapana."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Ila nikiwa mkeo, kila tukikosana nitakuwa najiuliza utatoa lipi hadharani. Nitakuwa nachagua la kukwambia na la kukuficha. Sasa hiyo ni ndoa au upangaji wa chumba?"

Emanueli akarudi mlangoni kinyumenyume, kama siku ile ya kwanza, ila safari hii hakuna aliyemgonga.

Nasieku akaziweka nyasi kando ya mizani, karibu na kabati lenye shanga. Simu ikawaka. *Emanueli anaandika...* Ikazima. Ikawaka tena.

"Mwanangu," yule mzee mteja akauliza taratibu, "hii dawa nachanganya na maji kiasi gani?"

Nasieku akamweleza yote, polepole, akamfungia chupa kwenye gazeti. Alipoitazama simu tena, chini ya lile jina hapakuwa na kitu.