Jina la Nne

Jumatano moja, saa nne asubuhi, duka la fotokopi la Bwana Yashwant mjini Kisii lilikuwa limejaa kuliko bwalo la shule siku ya chapati. Kila mtu alikuwa na haraka na kila mtu aliapa kwamba ndiye aliyefika kwanza. Mashine ikakohoa, ikatema karatasi za watu wawili kwa pamoja, na kwa kosa hilo la mashine mapenzi haya yakaanza.

"Dada, samahani, hizo ni zangu."

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, sweta ya samawati juu yake, kama mwanakwaya aliyesahau kuvua sare. Aliitwa Masese, mzaliwa wa Ekerenyo, na alikuwa akisomea shahada ya uzamifu katika sayansi ya chai.

Aliyeambiwa hakuinua hata macho. Bochaberi wa Magwagwa alikuwa mhariri wa filamu. Siku hiyo alivaa kilemba cha kijani, jinzi iliyochanika gotini kwa makusudi, na hedifoni kubwa shingoni.

"Zako? Jina lako liko wapi?"

"Halipo."

"Kurasa arobaini bila jina? Wewe umetoroka polisi?"

"Ni makala. Tukituma kwenye jarida tunaficha jina, ili anayesahihisha asijue ni ya nani. Akishaipitisha, jina linarudi."

"Maajabu. Sisi kwenye filamu tunaandika jina kabla hatujajua kama kitu chenyewe kinaangalika."

Masese alicheka. Bochaberi alijaribu kununa, akashindwa. Yashwant akawatazama juu ya miwani yake.

"Nyinyi wawili, kama mnaoana, oaneni huko nje. Hapa kuna foleni."

Walitoka nje. Hawakuoana, lakini walikunywa chai, na kabla kikombe cha pili hakijaisha Masese alikuwa ameomba namba.

Kwa miezi minane simu zao hazikupoa.

"Daktari wangu wa majani, umekula?"

"Nimekula ndizi."

"Ndizi jana, ndizi juzi. Siku moja nitakumenya."

"Njoo unimenye basi, Mama Kamera."

"Aki wewe! Na umeokoka!"

Wakati huo Bochaberi alikuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza ya kweli. Alikuwa amechoka kuhariri harusi za watu na kuwafuta wajomba waliokuja wamelewa. Filamu ilihusu wanawake wanaochuma chai Nyacheki. Masese aliandika maneno ya msimulizi, kwa Ekegusii laini, lugha ya kwao, na alikaa majuma mawili na wale akina mama mpaka wakamwita mwana wao. Wakakubaliana kwamba filamu ikishaonyeshwa, wazee wa Ekerenyo wangeenda Magwagwa kuongea na wazee wa kina Bochaberi. Mama yake Bochaberi alikuwa ameshaamua ni kuku yupi angechinjwa.

Sasa sikiliza jambo lililotokea. Akisafisha sauti ya filamu, hedifoni masikioni, Bochaberi alisikia kitu kidogo: tik. Akarudisha nyuma. Tik. Akatazama picha polepole. Kila mama akifika kwenye mmea uliopigwa na mvua ya mawe, alivunja kichipukizi kimoja na kusikiliza. Kikilia, alichuma. Kisipolia, aliuacha mmea ule na kwenda mbele.

"Masese, hawa wamama wanasikiliza chai!"

"Wanasikiliza nini?"

"Njoo uone. Leta na masikio."

Masese alikuja, akasikia. Halafu akaenda shambani na vipimo vyake, na baada ya miezi mitatu akathibitisha kwamba mimea iliyoachwa kwa njia hiyo ilipona haraka kuliko mingine. Akaandika makala. Jarida kubwa likaikubali.

Hapa inabidi msomaji akae wima, mikono juu ya dawati, apokee somo, kwa sababu bila somo hili hakuna kilio. Katika vyuo vikuu, mtu hupimwa kwa majina yaliyo juu ya makala. Kuna kamati nzima za watu wazima wenye tai wanaokaa na kuhesabu: huyu ni wa kwanza mara ngapi, huyu ni wa pili mara ngapi. Wa kwanza ni yule aliyeandika. Walio katikati walisaidia. Lakini katika maabara kama ya Masese, jina la mwisho ndilo kiti cha mkubwa. Huwekwa yule ambaye, kama si yeye, kazi yote isingekuwepo. Miaka kumi na sita kiti hicho kilikaliwa na Profesa Machogu, msimamizi wa Masese, hata kwenye makala ambayo hakuwa amesoma.

Katika filamu mambo ni kinyume. Wakubwa hutangulia, jina moja moja, herufi nene, muziki chini. Mwishoni kabisa, watu wakiwa wanatafuta makoti yao, hupita majina ya waliobeba nyaya na waliopika maharagwe.

Masese hakuyajua ya filamu. Bochaberi hakuyajua ya maabara. Walipendana miezi minane na hakuna aliyemuuliza mwenzake jambo hilo.

Basi makala ilipochapishwa, Masese alimtumia Bochaberi ukurasa wa kwanza kwenye simu, na chini yake akaandika: "Angalia nimekuweka wapi, mpenzi." Alikuwa na mtindo huo wa kutoa zawadi kama kitendawili. Kisha akakaa kungoja kelele za furaha.

Bochaberi alisoma. Masese. Purity. Machogu. Bochaberi.

Purity alikuwa mwanafunzi mwenzake Masese, aliyeosha chupa za maabara na kujaza majedwali. Purity alikuwa wa pili. Yeye, aliyesikia, alikuwa wa nne kati ya wanne.

Aliandika: "Nimeona. Asante." Akaizima simu.

Siku kumi zilizofuata Masese alipiga na kupiga.

"Bocha, kuna nini?"

"Niko na kazi."

"Nikuletee chakula?"

"Nimekula."

"Umefurahi lakini? Kuhusu makala?"

"Nimefurahi sana, Masese. Wacha nimalize filamu."

Masese akaamini ni kazi, kwa kuwa naye alikuwa na yake. Profesa Machogu alikuwa amemwita ofisini, makala mezani.

"Masese, mimi ni wa tatu?"

"Ndiyo, Profesa."

"Nyuma yangu kuna mpiga picha za harusi?"

"Nyuma yako kuna mtu aliyegundua, Profesa. Sisi tulipima tu."

"Andikia jarida. Waambie ulikosea. Warekebishe."

"Sikukosea."

Ilikuwa sentensi fupi, na ilimgharimu miaka mitatu ya masomo. Jioni hiyo hiyo Machogu aliandika barua kwamba hamsimamii tena. Masese hakumwambia Bochaberi. Alisema moyoni, filamu iishe kwanza, nisimharibie siku yake.

Siku ilifika, Jumapili, saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja mjini Nyamira. Akina mama wa Nyacheki walikuja na leso mpya na kukaa mbele kama maaskofu. Asubuhi ya siku hiyo, Bochaberi alikuwa ameifungua filamu mara ya mwisho. Ndani yake kulikuwa na maandishi yaliyosimama peke yake baada ya jina lake: Maneno ya Masese. Aliyatazama kwa muda. Akabonyeza, yakafutika. Kazi ya sekunde mbili.

Masese aliketi nyuma, shati jeupe, vifungo mpaka kooni. Filamu ikaanza na jina la Bochaberi, kisha milima, kisha ukungu, kisha maneno ya Masese mwenyewe yakisomwa na sauti nzuri. Ukumbi ulicheka alipotaka wacheke. Mama mmoja alilia. Jina lake halikutokea mwanzoni, naye wala hakushtuka. Alitabasamu. Alidhani Bochaberi ameliweka mwisho, kwenye kiti cha mkubwa.

Filamu ikaisha. Watu wakapiga makofi, wakasimama, wakaanza kutoka. Masese alibaki ameketi akisoma: nyaya, taa, dereva Ogoti, wapishi wawili, kanisa lililotoa viti. Mistari ikapungua. Skrini ikawa nyeusi. Bado alikaa, mikono magotini, mpaka wakawasha taa na bawabu akamwambia, "Bwana, imeisha."

Bochaberi alimwona akitoka, na hakumwita.

Majuma matatu baadaye Purity alipanda ngazi mpaka studio ya Bochaberi, bila hodi.

"Dada Bochaberi, mimi sikuja kugombana. Nataka tu kujua. Masese alikukosea nini?"

"Muulize yeye. Aliniweka mkiani, nyuma yako wewe."

"Mkiani?" Purity alimtazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua. "Nani alikwambia ni mkiani? Kile ni kiti cha Profesa! Alimwondoa Profesa akakuweka wewe. Machogu alimfukuza kwa ajili hiyo. Hukujua?"

Bochaberi alikaa chini. Kulikuwa na kiti, lakini alikaa sakafuni.

Simu ya Masese iliita mara sita kabla haijapokelewa.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ekerenyo."

"Nakuja."

"Bochaberi, si lazima."

"Nakuja, nimesema!"

Alipanda boda boda bila hata kubadilisha malapa. Alimkuta kando ya soko, mahali wanawake hupanga mikungu ya ndizi, akingoja na mikono mfukoni. Alikuwa amekonda. Vifungo viwili vya juu vilikuwa wazi.

"Purity ameniambia," Bochaberi alisema. "Masese, sikujua. Mungu wetu Nyasae ananiona, sikujua. Kwetu wa mwisho ni wa mwisho."

"Najua sasa. Niliuliza watu baada ya siku ile."

"Kwa nini hukunieleza? Ungesema tu, mpenzi, hapa ndipo juu!"

"Nilitaka ugundue mwenyewe. Huo ni ujinga wangu, naukubali." Akapiga jiwe kwa kiatu. "Nilikaa mpaka taa zikawashwa, Bocha. Nilikuwa na hakika uko njiani kuniandika."

Bochaberi alilia bila kujificha, na muuza ndizi mmoja akageuza uso kwa heshima.

"Nitalirudisha jina lako. Leo. Kila nakala."

"Rudisha. Ni haki yangu."

"Na wazee? Bado tunaweza. Mama anangoja..."

"Jumatatu naondoka kwenda Malawi. Nimepata msimamizi huko, kwenye kituo cha chai. Naanza upya."

"Nitakungoja. Au nikufuate."

Masese alitikisa kichwa.

"Mimi nilikosa kukueleza. Wewe ulifuta. Siku kumi nzima ulinipokea simu ukaniambia umefurahi. Ungeniuliza swali moja tu, hata la matusi, ningejibu. Sasa kila nikikufanyia kitu nitakuwa natazama uso wako, nijue umekisomaje. Sitaki kukupenda hivyo."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nimekuja hapa sokoni badala ya kuzima simu."

Alimshika mkono, akaushika kwa muda, akaurudisha mahali ulipokuwa, polepole, kama kitu cha mwenyewe. Halafu akapanda kilima kuelekea kwao. Bochaberi alimtazama mpaka sweta ya samawati ikapotea kwenye migomba.

Akampigia mama yake Magwagwa.

"Mama, wazee wa Ekerenyo hawatakuja."

Kuku walisikika upande wa pili.

"Baba yako ataniuliza. Nani ameharibu?"

"Mimi."

"Mwanangu, mambo haya huwa ni ya watu wawili. Nitamwambia ni nyinyi wawili."

"Hapana, mama. Mwambie ni mimi."